Maziwa ya Kwao

Walishuka uwanja wa ndege wa Mwanza saa nane mchana,
watu saba, masanduku kumi na tisa,
nami nimeinua kipande cha boksi chenye majina yao;
la yule mrefu nililikosea herufi mbili.
Malipo kwa siku, chakula juu yao.
Kazi yangu: kuwa ulimi,
Kiingereza chao cha kuazima na changu cha kuazima.

Kaisa, muuguzi, alijifunza Kiswahili kipupwe kizima.
Pale mwaloni Igombe alimwinamia mtoto wa miaka mitano
akasema, Shikamoo.
Mtoto akawaza. Akafuta kamasi kwa kiganja.
Marahaba, akajibu,
na mwalo mzima ukaangua kicheko, korongo wakaruka.

Jioni, kanisani, alisimama kushuhudia.
"Kwetu," alisema, bila kunihitaji,
"kuna maziwa mengi sana. Maelfu."
Mama Ng'wasi akanigusa kiwiko: Muulize, ng'ombe wangapi?
Naye akaendelea, uso umemwiva:
"Wakati wa baridi maziwa yanaganda,
tunatembea juu yake."
Kimya.
Kisha Bibi Nyanzobe, kwa Kisukuma, polepole:
Huo ni utajiri, au ni dhambi?

Ningeweza kusahihisha. Ndiyo kazi niliyolipwa.
Lakini niliziona nyuso zile zikitembea juu ya mtindi,
viatu mkononi,
nikanyamaza kama mwizi wa mboga.

Kesho yake walipaka darasa rangi ya samawati.
Chini yake kulikuwa na kijani cha wageni wa mwaka juzi,
chini ya kijani, manjano ya wale waliokuja na gitaa.
Mwalimu Lukelesha alishukuru kila rangi.
Asante yake niliifasiri.
Choo cha wasichana, kisicho na paa tangu vuli,
kilimkwama kooni,
nami sifasiri makoo.

Siku ya dawa ya kichocho
watu walisimamishwa kwenye fimbo ya kupimia,
urefu hivi, vidonge hivi.
Waambie wasiingie majini, alisema yule mrefu.
Mzee mmoja akauliza: Basi nikavue wapi, kwenye karatasi?
Nikafasiri: Anashukuru.

Ijumaa wakaleta beseni, taulo jeupe na maji ya chupa,
wawaoshe wazee miguu kama ilivyoandikwa.
Bibi Nyanzobe akaikunja yake chini ya kanga.
"Yesu aliwaosha watu aliotembea nao miaka mitatu.
Huyu amefika Jumanne."
Hilo nililifasiri lote, mpaka pumzi.

Kaisa aliweka taulo chini.
Hakunitazama mimi, alimtazama bibi:
"Basi nifanye nini?"

Bibi akaelekeza kwa midomo.
Upande wa Ukerewe wingu lilikuwa limekunja uso,
na mchangani dagaa wa kijiji kizima,
wameanikwa tangu alfajiri, waking'aa kama sindano.

Tukakimbia. Mchungaji wao, bonge la mtu, akakimbia.
Dagaa kwenye viroba, dagaa kwenye sketi,
beseni la kuoshea miguu likajaa dagaa,
taulo jeupe likabeba dagaa.
Shika! Huku! Inua! Aaah, lile turubai!
Hakuna aliyenitafuta.
Nilikuwa nimepiga magoti, nazoa,
ulimi mzima hauna kazi.

Nusu tuliokoa.
Nusu ililoa, na asubuhi korongo walikuja kuhesabu hasara.

Siku ya kuondoka bibi alimshika Kaisa mkono,
akamtikisa kama anayepima uzito wa kuku.
Mwambie, akaniambia, awasalimie ng'ombe wao.

Nikameza mate.
Nikafasiri: Anasema, ukayasalimie maziwa ya kwenu.

Kaisa akaitikia kwa kichwa, machozi yamemlenga,
mikono bado inanuka dagaa.
Sijawahi kukosea hivyo
na kuwa sahihi kiasi kile.